Jinsi halmashauri inavyoweza kumbana mwekezaji kistaarabu, wananchi wafaidike na yeye apate faida yake

Hii naiandika kwa madiwani, watendaji, wenyeviti wa vijiji na yeyote ambaye kwenye eneo lake kuna mgodi, shamba kubwa, kiwanda, au kuna jamaa wameanza kupita na GPS wanapima ardhi na hakuna anayejua wametumwa na nani. Serikali zetu zimezoea kumtendea mwekezaji kwa njia mbili tu, ya kwanza anapokelewa kwa ngoma na risala, ya pili anatukanwa jukwaani uchaguzi ukikaribia, na katikati hapo hakuna kitu. Hiyo katikati ndo kazi yenyewe. Kampuni nyingi hazina roho mbaya wala roho nzuri, zina bajeti, na bajeti inamfuata aliyekuja na karatasi iliyokamilika. Nitakaa zaidi Tanzania maana ndo sheria nazozifahamu vizuri, ila Kenya tutapita pia.

Anza na karatasi mbili

Kabla hujaongea na meneja yeyote kaa na mweka hazina wa halmashauri muandike karatasi mbili. Karatasi ya kwanza ni vitu ambavyo kampuni inadaiwa kisheria ipende isipende. Kuna ushuru wa huduma, asilimia ndogo ya mauzo ukishatoa VAT na ushuru wa bidhaa, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa 0.3. Kuna ushuru wa mazao kwa anayenunua mazao, asilimia 3 kwa ya biashara na 2 kwa ya chakula tangu ulipopunguzwa 2017. Kuna fidia ya ardhi, masharti ya cheti cha mazingira, kima cha chini cha mshahara, michango ya NSSF ya wafanyakazi. Karatasi ya pili ni vile ambavyo mnakubaliana, yaani miradi ya jamii, ajira za wenyeji, manunuzi ya hapa hapa.

Kwanini nasisitiza mbili? Kwa sababu zikichanganyika kampuni inalipa deni afu inapigwa makofi. Unakuta kwenye ripoti imeandikwa "tumechangia jamii" kumbe ndani yake kuna fidia za watu waliohamishwa, na barabara waliyochonga ili malori yao yapite. Barabara sawa ni nzuri na bodaboda wanaitumia, lakini ile ni gharama ya biashara yao, msiipokee kama zawadi.

Asilimia kama hiyo 0.3 inaonekana ndogo ila ipigie hesabu. Mwenye mauzo ya bilioni 2 unamdai milioni 6, mwenye mauzo ya bilioni 100 unamdai milioni 300, na milioni 300 sio hela ya kusubiri mtu akuletee na hundi ile kubwa ya mfano mpige picha. Shida ni kwamba halmashauri nyingi zinapokea takwimu ya mauzo aliyoiandika mwenye mauzo mwenyewe. Linganisheni na mauzo aliyoyatangaza kwa mamlaka ya mapato, TRA. Ikitofautiana andika barua, ya heshima kabisa, uliza kwanini, na nakala iende kamati ya fedha ili isije ikapotelea kwenye droo ya mtu.

CSR ya mgodi sio ya kuombwa

Hapa nitakaa sana kwa sababu ndo hela nyingi zinapopotelea. Tangu mabadiliko ya Sheria ya Madini ya 2017, kifungu cha 105 kinamtaka mwenye leseni ya madini kila mwaka aandae mpango wa CSR, yaani wajibu wa kampuni kwa jamii, unaokubaliwa kwa pamoja na halmashauri husika, tena kwa kushauriana na waziri wa serikali za mitaa na wa fedha, na mpango huo ufuate vipaumbele vya halmashauri. Na halmashauri nayo imepewa kazi zake kisheria: iandae mwongozo wa CSR, isimamie utekelezaji, ielimishe wananchi. Soma tena hapo, vipaumbele ni vya halmashauri. Sasa kama wewe huna vipaumbele vilivyoandikwa, kampuni itakuletea vya kwake, na vya kwake mara nyingi ni vitu vinavyopendeza kwenye picha.

Kwahiyo fanya hivi. Orodha ianze kijijini. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae angalau kila miezi mitatu, sasa mmoja kati ya hiyo utumike kupanga miradi kwa mpangilio, wa kwanza mpaka wa mwisho, na muhtasari usainiwe. Unaenda kamati ya maendeleo ya kata, unaenda halmashauri, na ufike mapema kabla bajeti ya mwaka wa fedha haijafungwa, maana ukimpelekea meneja orodha mwezi wa sita na bajeti ya kampuni yake ilishapitishwa huko ng'ambo makao makuu, atakachobakiwa nacho ni salio la dawati, mipira na jezi.

Afu orodha pekee haitoshi. Kila mradi uwe na mchoro, BOQ (orodha ya vifaa, kazi na gharama) ya mhandisi wa halmashauri, na jibu la swali ambalo watu hawalipendi, nani ataendesha. Zahanati inahitaji muuguzi ambaye mshahara wake utatoka serikalini, inahitaji dawa, maji, umeme. Madarasa manne yanahitaji walimu. Kama halmashauri haijaandika kwenye bajeti yake hao watu watatoka wapi, usimruhusu mwekezaji ajenge, mwambie hela aipeleke mradi namba mbili kwenye orodha. Najua diwani gani atakubali kuacha zahanati kwenye kata yake, ila mnajua wenyewe majengo mangapi yamefungwa kufuli na popo wamehamia.

Bei nayo ni vita. Kampuni ikileta vifaa badala ya hela, mfuko wa simenti unaweza kuonekana kwenye ripoti yao kwa bei ambayo hakuna duka la wilayani linaiuza, na hiyo tofauti inahesabiwa kama mchango. Dawa yake ni kukubaliana bei kabla, mhandisi na ofisa manunuzi wa pande zote mbili wakae na bei za soko, ziandikwe kwenye mpango wenyewe, na mzabuni apatikane kwa ushindani. Na upande wa pili pia tuseme ukweli, kampuni nyingi zinakataa kutoa hela taslimu kwa halmashauri kwa sababu zinaogopa hela itageuka posho na mafuta ya gari, na woga huo haujatoka hewani. Ukitaka wakuamini fungua akaunti ya pamoja, hela itoke kwa hatua za ujenzi, msingi, lenta, kupaua, na kila hatua ikaguliwe na watu wa kijiji pia, sio wataalamu peke yao wanaokuja na gari wakakaa dakika kumi.

Mbao za matangazo

Hatua ndogo kuliko zote na wengi hawaifanyi. Mpango ukishasainiwa, bandika. Ofisi ya kijiji, ofisi ya kata, na picha itupwe kwenye grupu la WhatsApp la kata: mradi gani, shilingi ngapi, nani anajenga, unaisha lini. Mwananchi akijua kwamba darasa lilipangiwa milioni 25 atauliza mwenyewe kwanini limefika lenta limesimama, na wewe mtendaji hutakuwa na kazi ya kumkimbiza mkandarasi peke yako. Tanzania ina sheria ya uwazi kwenye madini, mafuta na gesi tangu 2015, TEITA, inayofanya malipo ya kampuni kwa serikali yalinganishwe na kile serikali inachosema imepokea. Huko juu inafanyika kwa mabilioni, hakuna sababu huku chini tushindwe kwa milioni 25.

Kenya wamejaribu njia nyingine ambayo mimi naipenda, sheria yao ya madini ya 2016 inagawa mrabaha, ile hela mgodi unaolipa kwa madini unayochimba, moja kwa moja, asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ya eneo la mgodi. Nzuri sana kwenye karatasi maana haitegemei huruma ya mtu. Ila Kwale walivuna titani toka 2014 mpaka mwisho wa 2024, na mgao wa jamii umechelewa miaka na miaka kwa sababu utaratibu wa kuzishusha hizo hela haukuandaliwa mapema. Ukitunga sheria ya kugawana, siku hiyo hiyo tunga na njia ya hela kufika, nani anapokea, akaunti ya nani, nani anasaini.

Ardhi kwanza, habari kabla ya greda

Ukikosea hapa mengine yote hayatakusaidia. Mwekezaji akifika, swali la kwanza liwe ardhi ni ya nani, na jibu lisitoke kwa mwenyekiti peke yake. Kijiji kiwe na mpango wa matumizi ya ardhi, mkutano mkuu ukae, watu waambiwe ekari ngapi, miaka mingapi, na kitu gani kinapotea (malisho, kuni, njia ya kwenda mtoni), wapewe muda waende wakafikirie warudi. Sio mkutano mmoja wa saa nne asubuhi, soda, sahihi, kwisha.

Angalia mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, mitambo 365, megawati 310, mkubwa kweli kweli na umeme wake ni safi, lakini mwaka 2021 mahakama ya Meru ikasema hati za ile ardhi, ekari 150,000, zilipatikana bila kufuata utaratibu wa ardhi ya jamii. Mitambo imeshasimama, mikopo imeshachukuliwa, ndo mnaambiwa hati zina kasoro. Hii inaumiza wananchi na inamuumiza mwekezaji pia, kwahiyo yule ofisa anayejifanya anamsaidia mwekezaji kwa kuruka mikutano hamsaidii, anamtegea bomu.

Na Mtwara tusiisahau. Mwisho wa 2012 na mwaka 2013 watu waliingia barabarani, "gesi haitoki", na watu walipoteza maisha. Bomba la kwenda Dar lilijengwa likaisha, lakini unajiuliza kama zile hesabu za Mtwara itapata nini zingepelekwa kijiji kwa kijiji kabla ya jiwe la msingi, hasira ingefika pale? Kuna watu watakuambia wananchi hawaelewi mambo ya kitaalamu. Wanaelewa, wakielezwa kwa shilingi na kwa miaka.

Nunua hapa hapa, ila lipa

Faida kubwa ya kampuni kwa wilaya mara nyingi sio CSR wala ushuru, ni manunuzi. Mgodi unalisha watu mamia kila siku, unahitaji mayai, mboga, nyama, sare, usafi, magari, ulinzi. Kwenye madini Tanzania ina kanuni za ushiriki wa Watanzania tangu 2018, na kampuni ya nje inayotaka kuuza huduma mgodini inatakiwa iungane na ya wazawa. Sawa, ila kanuni hailimi nyanya. Nilichoona kinafanya kazi ni halmashauri kuiomba kampuni orodha ya manunuzi yake ya mwaka mzima, na viwango vyake (yai la gramu ngapi, nyama ikaguliwe na nani, risiti za EFD), halafu maofisa kilimo na biashara wanarudi kwa vikundi wanasema jamani soko lipo, linataka hiki, anzeni sasa mtauza baada ya miezi sita. Pia waombe wavunje tenda kubwa ziwe ndogo ndogo, maana tenda ya kulisha kambi nzima hakuna kikundi cha akinamama kitakachoipata, lakini tenda ya mboga za majani peke yake wanaipata.

Sasa ishu ya malipo. Kampuni kubwa inalipa baada ya siku 60 au 90 na kwao ni kawaida, ila mama mwenye mtaji wa laki tano siku 90 zinamfilisi kabisa. Wekeni kwenye makubaliano kwamba mzabuni mdogo wa wilayani analipwa ndani ya siku 30. Na hapa serikali ijiangalie kwenye kioo, maana mdaiwa sugu wa wazabuni wadogo ni sisi wenyewe, shule, hospitali, magereza, halmashauri. Sheria ya manunuzi inataka asilimia 30 iende kwa makundi maalumu, wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, na Kenya nao wana asilimia 30 yao toka 2013, lakini ukimpa kijana tenda ya kutengeneza viti ukamlipa baada ya mwaka umemrudisha nyuma kuliko alipokuwa. Serikali inayolipa kwa wakati inaweza kumwambia mwekezaji alipe kwa wakati, isiyolipa haina mdomo.

Anayefuata sheria asiwe ndo mjinga

Mfanyabiashara anaangalia jirani yake. Kama anayemwaga maji machafu mtoni hafanywi kitu na anayejenga bwawa la kusafisha anatembelewa na wakaguzi kila wiki kwa sababu kwake kuna ofisi nzuri na chai, basi mwakani wote watamwaga mtoni. Ukaguzi upangwe kwa hatari, anayeweza kudhuru watu aende akaguliwe sana, duka la vitenge liachwe lifanye biashara. Na wakaguzi waje pamoja. OSHA wa usalama kazini, Zimamoto, NEMC wa mazingira, afya, kila mmoja na siku yake na ada yake, hiyo ilikuwa moja ya sababu za ule mpango wa serikali wa kupunguza kero za biashara, blueprint, ulioanza kutekelezwa Julai 2019. Mwaka huo huo mambo ya chakula yakatolewa mamlaka ya chakula na dawa (TFDA) yakapelekwa shirika la viwango (TBS), mtengeneza juisi akabaki na mlango mmoja wa kubisha. Halmashauri haihitaji kusubiri Dodoma kwa hili, mkurugenzi anaweza kupanga ratiba moja ya ukaguzi wa wilaya hata kesho.

Katazo nalo ni kichocheo likiwa sawa kwa wote na likiwa na muda. Mifuko ya plastiki, Kenya walitoa tangazo mwanzoni mwa 2017 likaanza kufanya kazi tarehe 28 Agosti, karibu miezi sita ya watu kumaliza stoku na kutafuta mashine nyingine. Sisi ilitangazwa bungeni Aprili 2019, ikaanza Juni mosi. Zote zimefanya kazi, mifuko imepungua kweli mitaani, lakini ukiniuliza ipi inamtendea haki aliyewekeza kwenye kiwanda nitasema ile ya miezi sita, maana mtu mwenye mkopo benki hawezi kubadilisha mashine kwa wiki chache.

Na wakati mwingine unashusha kodi ili upate kodi. Wachimbaji wadogo walikuwa wanadaiwa VAT asilimia 18 na kodi ya zuio asilimia 5 kwenye dhahabu yao, matokeo yake dhahabu inapita porini kwenda nje. 2019 kodi hizo zikaondolewa, yakafunguliwa masoko ya madini, la kwanza Geita mwezi Machi, muuzaji akawa anapima hapo hapo, anaona bei ya dunia ukutani, anakatwa mrabaha na ada ya ukaguzi anaondoka na hela yake. Dhahabu ya wachimbaji wadogo ikaanza kuonekana kwenye vitabu vya serikali. Adhabu ilikuwepo miaka yote na haikutosha, kilichobadilisha mambo ni njia halali kuwa rahisi kuliko ya panya.

Mikataba mikubwa ya ubia

Halmashauri zinaanza kuingia kwenye ubia pia, stendi, masoko, machinjio, kwahiyo hii sio ya wizara tu. Kumbukeni kampuni ya City Water ya Dar es Salaam, ilipewa kuendesha maji 2003 na Mei 2005 serikali ikavunja mkataba, ikafuata kesi ya usuluhishi wa kimataifa. Ndani yake kuna mafunzo yanayojirudia kila mahali. Mzabuni aliyeleta bei mwishoni alikuwa mmoja tu, ukibaki na mmoja rudi nyuma, usijidanganye kuwa umeshindanisha. Taarifa za mtandao wa mabomba na wateja hazikuwa sawa, na mwekezaji akikuta hali tofauti na aliyoambiwa ataomba kubadilisha masharti, kwahiyo kabla ya kutangaza soko lako hesabu vizimba, kusanya mapato ya miaka mitatu ya kweli, pima majengo.

Na sehemu ya serikali iwe tayari. Ule ule mradi wa Turkana, mitambo ilimalizika 2017 lakini njia ya umeme ya zaidi ya kilomita 400 iliyokuwa jukumu la serikali ikachelewa mpaka 2018, Kenya ikalazimika kulipa fidia kwa umeme ambao haukufika kwa mtu. Kwenye mkataba wa stendi yako angalia nani anajenga barabara ya kuingilia, nani analeta maji, na kikichelewa nani analipa. Kama ni wewe na hujaweka kwenye bajeti, usisaini.

Tena mkataba uwe na tarehe za kupitiwa upya, tuseme kila miaka mitano, ili kupishana kusije kukaisha kwa kuvunja. Mvutano wa makinikia, ule mchanga wa dhahabu uliokuwa unasafirishwa nje, ulianza 2017 ukaja kuisha kwa makubaliano na kampuni ya Barrick, ikaundwa kampuni ya ubia Twiga, serikali ikapata asilimia 16 ya hisa. Matokeo yake wengi wanayasifia na mimi nasema serikali ilifaidika, lakini katikati hapo mgodi wa Bulyanhulu ulipunguza kazi na watu walikosa ajira. Kifungu cha mapitio kingeweza kuipunguza hiyo shida.

Siku wanaondoka

Hii waulizeni siku ya kwanza wakati wanatabasamu. Mgodi una mwisho, shamba linauzwa, kiwanda kinahama. Mgodi wa Buzwagi pale Kahama ulianza 2009 ukafungwa 2021, baadae eneo likapangwa liwe eneo maalumu la uwekezaji, na hilo limewezekana kwa sababu kulikuwa na umeme, majengo, maji na uwanja wa ndege vya kurithi, na mpango wa kufunga ulijadiliwa kabla. Kwako nani anabaki na kisima? Transfoma ni ya nani? Shimo linafukiwa kwa hela ipi, na dhamana yake ipo benki gani? Zahanati waliyokuwa wanalipia dereva wa ambulance, mwezi unaofuata dereva analipwa na nani? Andika majibu, yasainiwe na pande zote, na nakala moja ikae ofisi ya kijiji maana wakurugenzi wanahamishwa na faili zao zinahama nao.

Kama umesoma mpaka hapa na wilayani kwako kuna kampuni tayari inafanya kazi, kaombe vitu vitatu wiki hii: mpango wa CSR wa mwaka huu wenye sahihi, stakabadhi za ushuru wa huduma za mwaka uliopita, na mpango wa kufunga. Ukiambiwa kimojawapo hakipo basi umeshajua kikao kijacho cha baraza la madiwani ajenda ya kwanza ni ipi.